Asiye na Makao Naye ni Mkazi wa Jiji

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, Taifa letu lilipohesabu watu wake, iliagizwa kwamba hata wale wasio na makao maalumu wahesabiwe pale pale walipolala. Makarani wakawaendea watu ambao siku nyingine hawatafutwi na yeyote ila mgambo: waliojinyoosha katika mabaraza ya maduka, waliojikunyata katika vituo vya mabasi, waliofanya boksi kuwa godoro na kiatu kuwa mto. Kila mmoja aliulizwa habari zake na kuandikwa. Kwa usiku ule mmoja, mtu asiye na hata kibanda alikuwa sawasawa na mwenye ghorofa. Kila mmoja alikuwa mtu mmoja katika hesabu. Mkoa wa Dar es Salaam ulipata jumla ya watu 5,383,728, na katika jumla hiyo wao pia wamo.

Kulipokucha karani alikwenda zake na hesabu yake, na mwenye boksi akabaki na boksi lake. Leo twapenda kuuliza, kwa niaba ya kila mtu anayefanya kazi katika mji huu, je, baada ya kuwahesabu tumewafanyia nini? Sisi twaamini kwamba Taifa linapomhesabu mtu limekiri kwamba mtu huyo ni wake. Baba hahesabu watoto wa jirani. Kwa hiyo hesabu ile ilikuwa ahadi, na ahadi ni deni.

Ni nani hawa?

Lipo kosa moja ambalo yafaa tuliondoe mwanzo. Wengi wetu tupitapo asubuhi kwenda kazini na kumwona mtu amelala barazani husema moyoni, "Huyu ni mvivu, hataki kazi." Laiti tungesimama tukamwuliza, mara nyingi tungejibiwa kwamba ndiyo kwanza amepumzika baada ya kushusha mizigo usiku kucha. Kariakoo haiendeshwi na wenye maduka peke yao. Inaendeshwa pia na migongo ya wachukuzi, na miongoni mwa wachukuzi hao wamo wasio na mlango wa kuufunga. Wamo walinzi wa usiku ambao mchana hawana pa kulala. Wamo wasichana walioletwa mjini kufanya kazi za nyumbani, kisha wakatolewa nje na vifurushi vyao siku walipougua au walipodai mshahara. Wamo wazee, vipofu na viwete waliokosa wa kuwatunza. Wamo wenye maradhi ya akili waliopotezana na jamaa zao. Wamo watoto waliokimbia kipigo. Kuwaita wote hawa kwa jina moja la "wazururaji" ni sawa na daktari anayewapa wagonjwa wote wa wodi kidonge kimoja.

Tumchukue yule mwenye nguvu na mwenye kazi, maana huyo ndiye anayelaumiwa zaidi. Kwa nini asipange chumba? Jibu ni hesabu ya darasa la tatu. Mwenye nyumba katika mji huu, kwa desturi iliyoota mizizi, hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima, tena mkononi, kabla hajatoa ufunguo. Mchukuzi hulipwa kwa siku. Natufanye mfano wa chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 300,000. Kama mtu huyu, baada ya kula, anabakiza shilingi 2,000 kila siku, atahitaji siku 150 bila kuugua, bila kuibiwa, bila kutuma kitu kwa mama yake kijijini. Na fedha hiyo kwa siku zote hizo aifiche wapi? Chini ya boksi? Anayepata kwa siku hawezi kulipa kwa mwaka. Hilo si suala la tabia yake, na kumhubiria juu ya kuweka akiba ni kumfanyia dhihaka.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wameachwa wapatane wenyewe, kama kwamba mwenye kiu na mwenye kisima wana nguvu sawa.

Mlango na barua

Lakini nyumba si paa tu la kuzuia mvua. Katika nchi yetu mambo yote ya mwananchi huanzia mlangoni pake. Tangu zamani wanachama wa Chama walipangwa kwa nyumba kumi kumi, na balozi wa nyumba kumi akawa mtu wa kwanza kujua nani amezaliwa, nani amefiwa na nani ni mgeni. Serikali za mitaa zinasimama juu ya msingi huo huo. Mtu akitaka kitambulisho cha Taifa, aweza kuambiwa alete barua ya mtendaji wa mtaa wake. Akitaka kumdhamini nduguye, alete barua. Akiomba kazi ya ulinzi, alete barua. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ambayo hukopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu huombwa na vikundi vinavyojulikana mtaani kwao. Tangu mwaka 2020 hata laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole pamoja na kitambulisho cha Taifa. Mwaka 2022, kabla ya sensa, ilifanywa operesheni kubwa ya anwani za makazi, barabara zikapewa majina na nyumba zikapewa namba.

Hatusemi kwamba utaratibu huu ni mbaya. Ni utaratibu wa watu wanaojuana, na umetusaidia kulinda amani yetu. Lakini twauliza, je, mtu asiye na nyumba yumo katika nyumba kumi zipi? Balozi wake ni nani? Mtendaji gani atamwandikia barua? Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipofanywa tarehe 27 Novemba 2024, waliopiga kura ni wale walioandikishwa kuwa wakazi wa mitaa yao. Mtu anayelala leo Mnazi Mmoja, kesho Kariakoo, na keshokutwa kufukuzwa hadi Ubungo, atajiandikisha kuwa mkazi wa wapi?

Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe. Katika mji wetu kila huduma huanza kwa swali moja, "Unakaa wapi?" Asiyeweza kulijibu swali hilo hapati kitambulisho. Asiye na kitambulisho hana simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Asiye na simu haitwi kazini, na asiye na kazi ya kudumu hapati chumba. Ni duara, na mtu yu katikati yake. Anayedhani ya kwamba mtu huyo ajirekebishe kwanza ndipo apewe makao amelishika jambo kwa mkiani.

Tuliyoyarithi na tuliyoyafanya

Wakoloni walikuwa na jawabu lao. Mji huu waliugawa kwa rangi, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia aliyekuja kuuza nguvu zake, ambaye kwao ni kijijini. Mwaka 1944 walitunga sheria ya kuwaondoa mijini wale waliowaita wenyeji wasiotakiwa. Mtu aliyekutwa hana kazi wala makao alirudishwa alikotoka. Wengi wao walirudi tena mjini, kwa sababu sheria ile ilimwondoa mtu bila kuondoa lile lililomleta.

Tulipopata Uhuru tulisema, na tulisema kweli, kwamba mji ni wetu sote. Mwaka 1962 Serikali ilianzisha Shirika la Nyumba la Taifa. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kubomoa vibanda vya udongo na makuti na kusimamisha mahali pake nyumba za saruji. Ilikuwa kazi ya heshima, na wapo wazee waliozaliwa katika nyumba hizo ambao hadi leo huzitaja kwa shukrani. Lakini ilikuwa na kasoro. Kila nyumba mpya ilipokuwa badala ya nyumba iliyobomolewa, idadi ya vyumba mjini haikuongezeka kwa kiasi cha watu walioongezeka. Mwaka 1957 mji ulikuwa na watu 128,742. Mwaka 1967 wakawa 272,821. Katika miaka kumi watu walizidi maradufu. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa mwaka 1969 hadi 1974 uliiona kasoro hiyo, na njia ikabadilishwa. Badala ya kubomoa, Serikali ikaanza kupima viwanja, kupitisha barabara na mabomba, na kumwachia mwananchi ajenge mwenyewe. Ndivyo vilivyopatikana viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na ndivyo Manzese ilivyopelekewa huduma pasipo kuvunjwa. Mwaka 1973 ikafunguliwa Benki ya Nyumba ili mtu wa mshahara mdogo apate mkopo wa kujengea. Benki hiyo ilifungwa mwaka 1995, na pengo lake halijazibwa vizuri hadi leo.

Faida ya siasa hiyo twaiona kila siku. Lakini ilimfaa mwenye kidogo. Asiye na kitu hakufaidika. Kiwanja ni msaada kwa mtu mwenye matofali. Hata ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulimfaa zaidi aliyekuwa na fedha ya kulipia. Mtu wa barazani hakuwamo.

Tena hapa yatupasa kujikosoa bila kuona haya, maana asiyekubali kosa hulirudia. Kwa huyu asiye na kitu, sisi wenyewe tulichukua mara nyingine lile jawabu la mkoloni. Mwaka 1976 palikuwa na operesheni ya kila mtu afanye kazi. Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi, watu wakakamatwa mitaani na kupakiwa katika malori kupelekwa vijijini na mashambani. Nia ilikuwa njema, nayo ni kwamba kila mtu ale jasho lake. Lakini wengi walirudi, kwa sababu walipelekwa mahali ambapo hapakuwa na nyumba, zana wala soko la kuwangoja. Tangu wakati huo, kila baada ya miaka michache, husikika tena amri kwamba ombaomba na wasio na makao waondoke mjini kabla ya siku fulani. Siku hiyo hufika, hupita, na watu wapo. Je, tumejifunza nini?

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo papa hapa kwetu, mjini Arusha, ilitoa maoni yake Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji, zinazomwadhibu mtu kwa kuwa hana mahali pa kukaa wala kipato, hazipatani na Mkataba wa Afrika. Kukosa makao ni shida. Shida haihukumiwi kifungo.

Mafunzo matatu

Hatupendi kuandika kama kwamba mji huu haukufanya lolote. Umefanya, na katika yaliyofanywa yapo mafunzo matatu ambayo kila halmashauri yafaa iyatafakari.

La kwanza ni la Mabwepande. Desemba 2011 mvua kubwa zilifurika bonde la Msimbazi, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha, na maelfu wakabaki bila makao. Serikali ilifanya haraka kuwatafutia waathirika viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji, wakaanza kuishi katika mahema. Hakuna awezaye kusema kwamba msaada haukutolewa. Lakini mtu aliyekuwa akiuza samaki au kufua nguo za watu katikati ya mji alijikuta kilomita nyingi mbali na riziki yake, na nauli ya kwenda na kurudi ikameza faida ya siku. Baadhi yao walirudi bondeni, kwenye maji yale yale. Twajifunza kwamba makao yasiyofika kazini si makao kamili. Mtu akilazimishwa kuchagua kati ya hatari ya mafuriko na hakika ya njaa, atachagua mafuriko.

La pili ni la Magomeni. Nyumba za kota za Magomeni, zilizojengwa zama za ukoloni, zilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na familia 644 zikaambiwa zingoje nyumba mpya. Zilingoja. Watoto waliondoka pale wakiwa shule ya msingi wakawa watu wazima, na wako wazee waliofariki wakiwa wapangaji katika nyumba za wengine. Mwaka 2016 Rais Magufuli alifika, akawasikiliza, akaagiza ujenzi, na Wakala wa Majengo akaanza kazi. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua majengo ya ghorofa yenye nyumba 644, moja kwa kila familia, papo hapo Magomeni, karibu na soko, hospitali na barabara ya mabasi yaendayo haraka. Hapa twajifunza mambo mawili. Moja ni kwamba yawezekana. Wakazi wa zamani, watu wa hali ya kawaida, waweza kurudishwa katikati ya mji pasipo kusukumwa pembeni ili ardhi yao iwe ya matajiri. La pili ni kwamba nyundo isitangulie mwiko wa mwashi. Kama nyumba mpya zingalijengwa kwa mafungu, familia zikihama kutoka jengo la zamani kwenda jipya, wasingalitawanyika kwa zaidi ya miaka kumi.

La tatu ni la Chamazi. Watu walioondolewa Kurasini ili kupisha upanuzi wa bandari, wengi wao wapangaji ambao katika fidia hawakuwa na fungu, hawakukaa kulia. Waliunda ushirika, wakaweka akiba kidogo kidogo, wakasaidiwa na shirika la kiraia, wakanunua ekari 30 Chamazi, na wakajifunza kufyatua matofali ya kushikamana kwa mikono yao. Kazi haikuwa nyepesi, na Chamazi nayo i mbali na mjini. Lakini walionyesha kwamba mpangaji maskini akiungana na wenziwe ana nguvu ambayo peke yake hana. Ushirika hautumiki kwa pamba na kahawa tu. Hata matofali yana ushirika.

Wenzetu wa ng'ambo

Wako wanaodai kwamba tatizo hili halina dawa mahali popote duniani. Si kweli. Nchi ya Ufini, huko kaskazini ya Ulaya, ilikuwa na watu wasio na makao zaidi ya 15,000 katika miaka ya 1980. Mji wake mkuu, Helsinki, mwaka 1970 ulikuwa na vitanda 2,121 katika mabweni ya usiku, ambamo mtu hulala na asubuhi hutolewa nje. Tangu mwaka 2008 Serikali, miji na vyama vya hisani vilikubaliana kugeuza utaratibu. Badala ya kumwambia mtu aache pombe, apate kazi, ndipo apewe nyumba, walimpa kwanza nyumba yenye mkataba wa upangaji kwa jina lake, kisha akafuatwa humo na mganga, mwalimu na afisa wa ustawi. Mabweni yakageuzwa kuwa nyumba za kupanga. Mwaka 2016 vitanda vya mabweni Helsinki vilikuwa vimebaki 52. Mwaka 2023 nchi nzima ilihesabu watu 3,429 wasio na makao.

Kisha, Serikali yao ilipopunguza misaada ya kodi ya nyumba, hesabu ya mwaka 2024 ilipanda hadi 3,806, nayo ilikuwa mara ya kwanza kupanda baada ya miaka mingi. Funzo hili la pili ni zito kama la kwanza. Kazi hii ni kama shamba. Ukiacha kupalilia msimu mmoja, magugu hurudi.

Twajua Ufini ni nchi tajiri yenye watu wachache, tena baridi yao huua mtu katika usiku mmoja. Hatusemi tuige kila kitu. Twasema kwamba utaratibu wa mambo, yaani nyumba kwanza, hauhitaji utajiri kuufahamu.

Wanaopinga

Tutajibiwa kwamba watu wakipewa makao mjini, vijiji vyote vitahamia Dar es Salaam. Hoja hii ilisemwa na mkoloni, na mji ukakua. Ikasemwa tena mwaka 1983, na mji ukakua. Kijana haji mjini kwa sababu ya kitanda. Huja kwa sababu ya kazi, na atakuja hata kama atalala juu ya boksi. Anayetaka abaki kijijini apeleke huko maji, bei nzuri ya mazao na shule, wala asidhani ya kuwa atamzuia kwa rungu la mgambo huku.

Tutaambiwa pia kwamba fedha hakuna, kwa kuwa nchi imekuwa ikitaja upungufu wa nyumba milioni 3. Ni kweli kwamba upungufu ni mkubwa. Lakini kumkamata mtu kuna gharama, kumweka rumande kuna gharama, kumsafirisha kwa lori kuna gharama, na kumtibu kipindupindu alichopata kwa kukosa choo kuna gharama kubwa zaidi. Fedha hizo hutumika kila mwaka na mwisho wa mwaka hatuna chumba hata kimoja cha kuonyesha.

Wako na wale wasemao kwamba jambo hili ni la makanisa, misikiti na wahisani. Twawashukuru wote wanaogawa uji na mablanketi, pamoja na wanaowalea watoto wa mitaani. Lakini hisani hutolewa kwa upendo wa mtoaji, nayo haki hudaiwa kwa jina la raia. Serikali ina Makao ya Watoto Kurasini na ya wazee Nunge, Kigamboni. Kwa kuyafungua makao hayo ilikwisha kubali kwamba kazi hii ni yake. Linalobaki ni kuifikisha kwa yule ambaye si mtoto wala si mzee, naye hana pa kulala.

Shauri letu

Kwa hiyo twatoa shauri hili kwa halmashauri tano za mkoa huu, yaani Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na kwa kila mwenye madaraka.

Kwanza, kila kata iwe na daftari la wasio na makao, linalotunzwa na afisa ustawi wa jamii pamoja na mtendaji. Mtu aliyeandikwa humo apewe anwani ya ofisi ya kata kuwa ndiyo anwani yake, na apate barua kama mkazi mwingine yeyote. Jambo hili halihitaji saruji wala nondo. Lahitaji kalamu na moyo. Tena halmashauri hizi ziwe na daftari moja, ili zisiendelee kusukumiana watu kuvuka daraja kama taka zinazosombwa na mto.

Pili, yajengwe karibu na masoko makubwa mabweni safi ya wafanyakazi, yenye bafu, choo na kabati la kufuli, ambayo kodi yake hulipwa kwa siku au kwa juma. Yawe ngazi ya kupandia, na kila aingiaye apangiwe jinsi ya kufika kwenye chumba chake mwenyewe. Wanawake wawe na yao, yenye ulinzi.

Tatu, kila jengo la makazi litakalosimamishwa juu ya ardhi ya umma litengewe fungu la vyumba vya kupangishwa kwa mwezi kwa watu wa kipato cha chini kabisa. Shirika la Nyumba la Taifa lilizaliwa kwa ajili ya mnyonge. Si vibaya likiuza nyumba kwa wenye uwezo ili lipate fedha, lakini lisisahau lilikozaliwa.

Nne, sheria irudi katikati ya mpangaji na mwenye nyumba, na kodi ya mwaka mzima mkononi ikomeshwe. Hatumwonei mwenye nyumba, maana wengi wao ni wajane na wastaafu wanaoishi kwa kodi hiyo hiyo. Lakini alipwaye kila mwezi hadhulumiwi.

Tano, asibomolewe mtu kabla ya kuonyeshwa anakohamia, na anakohamia pasiwe mahali ambapo nauli itamla.

Na kwetu sisi tulio na milango yetu twasema neno moja la mwisho. Tusingoje halmashauri katika kila jambo. Viongozi wa matawi na mabalozi wanawajua wanaolala katika maeneo yao. Wanawapita kila alfajiri. Wawaulize majina. Wawapeleke ofisi ya kata waandikwe. Vyama vya wafanyakazi viwatafute wachukuzi na walinzi wasio na makao na kuwaingiza katika ushirika. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini hilo ni methali ya kutuonya. Si ruhusa ya kutojua.

Usiku ule wa Agosti 2022 tulikwenda na tochi, tukawaamsha watu barazani, tukawaambia kwamba Taifa linawahesabu. Walikubali kuamka. Walitupa majina yao, na wengi walirudi kulala wakidhani kwamba karani atarudi. Sensa ifuatayo itakapofika, na itafika, tuwakute wamelala ndani, na karani abishe hodi mlangoni.